Lubumbashi: Udongo upimwe kwanza, kisha mboga na maua vipewe kila kimoja pahali pake

Saa kumi na moja asubuhi, akina mama wauzaji wanashuka kwenye bustani za pembeni ya Katuba na za bonde la Kafubu, lengalenga ingali na umande. Kila mmoja anachagua tuta lake, anapatana bei na mlimaji, anakata, anafunga mafungu. Kabla ya saa mbili mboga iko soko la Kenya, na saa sita iko kwenye sahani, pembeni ya bukari. Hakuna lori, hakuna friji, hakuna benki iliyokopesha mtu.

Bukari yenyewe ina safari ndefu zaidi. Sehemu kubwa ya unga wa Lubumbashi inatoka Zambia, na kila Zambia inapokohoa, Haut-Katanga inapata homa. Mwezi wa 2 mwaka 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwezi wa 8 mwaka ule ule, Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, kisa ni ugomvi juu ya bia na vinywaji vingine. Kisha mwezi wa 2 mwaka 2025 Kinshasa ikasimamisha uuzaji wa kobalti katika inchi za nje, na familia zinazoishi kwa mshahara wa migodi zikaanza kuhesabu siku. Lengalenga haikungojea ruhusa ya mpaka wala bei ya kobalti. Inapandwa, na baada ya wiki tatu ao ine iko tayari kukatwa.

Ndiyo maana inashangaza kuona namna watu hawa wanavyohesabiwa kama si kitu. Viongozi wakisema kilimo, wanafikiria matrekta. Bukanga Lonzo ilizinduliwa mwaka 2014 kwa kelele kubwa, na mwisho wake ukawa hukumu ya Korti ya Katiba mwezi wa 5 mwaka 2025, waziri mkuu wa zamani Matata Ponyo akahukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu. Wakati wote huo mlimaji wa Katuba aliendelea kubeba maji kwa ndoo kutoka kisima alichochimba mwenyewe, kwenye udongo ambao, kwa sheria ya mwaka 1973, ni mali ya Serkali. Yeye ana ruhusa ya mdomo tu. Siku mtu akifika na karatasi na matofali, tuta linakuwa kiwanja.

Lakini hata kama angepewa karatasi leo, kuna swali linalotisha zaidi: udongo huo una nini ndani?

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, wakati wa Union Minière, na baadaye kikawa cha Gécamines. Moshi wake ulibebwa na upepo unaotoka kusini-mashariki, ukaangusha shaba, risasi, kadimu na zinki upande wa pili, mpaka Penga Penga, ambako hata majani yalikufa na udongo ukabaki uchi. Walimu wa UNILU wamepima bustani za mji kwa miaka mingi na kukuta metali katika udongo, katika maji ya mito na katika mboga yenyewe. Mwaka 2009 wao na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti ilikuwa juu kupita kiasi. Watu hao walivuta vumbi, na walikula vilivyolimwa hapo hapo.

Wanaosema kwamba hayo ni mambo ya zamani wakumbuke tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka 2025. Siku hiyo maji machafu ya bwawa la kampuni CDM yalimwagika katika makao ya watu ya Kasapa, Kamatete na Moïse, komini ya Annexe. Waziri wa Migodi, Louis Watum, alisimamisha kazi ya kampuni kwa miezi mitatu. Vizuri. Lakini tuta la mboga halifunguliwi tena kwa sababu miezi mitatu imepita.

Kuna jambo ambalo mji huu unaweza kufanya bila kungojea Kinshasa. Kitivo cha kilimo kiko hapa hapa, na wenye kujua kupima udongo wako humo. Kila bonde lipimwe, matokeo yabandikwe ofisi ya komini kwa Kiswahili, bustani kwa bustani. Penye metali kidogo, chokaa na mbolea ya kuku vinasaidia kuzuia metali zisipande sana katika majani, na machimbo ya mawe ya chokaa yako Kakontwe, Likasi, si mbali. Penye metali nyingi, mboga iondoke, maua yaingie.

Maua si mzaha. Katanga ina ua lake la shaba, Haumaniastrum katangense, linalopenda udongo wenye shaba kiasi kwamba watafuta madini walilifuata kama alama. Na wapo tayari wanaoishi kwa kuuza miche ya maua katika mifuko myeusi kando ya barabara. Waridi halipikwi. Likiota kwenye udongo mbaya, sumu haiingii chunguni.

Mama mwenye watoto sita atajibu kwamba waridi halishibishi, naye ana haki. Tarehe 1 mwezi wa 8, siku ya wazazi, watu wanasafisha makaburi na maua yanatoka. Siku zingine mteja ni arusi, na arusi nyingi zimezoea ua la plastiki. Kwa hiyo kumwambia aache mboga bila kumpa mnunuzi ni kumfukuza kwa maneno matamu. Mnunuzi yupo, lakini: hoteli, ofisi za kampuni, komini zenye mizunguko ya barabara iliyojaa vumbi. Na sheria ya migodi ya mwaka 2018 inadai kampuni zitoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Ikiwa pesa hizo zinaweza kujenga jengo la kukatiwa utepe, zinaweza pia kulipa vipimo vya udongo na kumtafutia mlimaji wa Penga Penga tuta lingine, safi, lenye karatasi.

Mvua inaisha mwezi wa 4. Mwezi wa 5 mabonde yanaanza kukauka, na walimaji wanashuka tena na majembe yao, pahali pale pale pa mwaka jana.