Shilingi 1,000 ya mtoto iingie kwenye sheria

Wadau, Iringa wanalima mahindi mpaka wanalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wao wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa ni 30. Ugali mtupu haumkuzi mtoto, na kuwafundisha wazazi lishe vijijini kunahitaji hela.

Serikali kuu imeagiza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo, kutoka mapato yake ya ndani. Wakuu wa mikoa wakasaini mikataba ya lishe, 2017 na tena 2022. Safi. Ila mkataba si sheria. Makusanyo yakipungua, mkurugenzi atakata nini kwanza? Posho za vikao? Thubutu!

Ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu nayo ilianza kama agizo tu. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na sasa diwani anaweza kumbana mkurugenzi kwa kifungu. Hii elfu moja inasubiri nini? Na halmashauri ambayo ushuru wake hautoshi, Hazina iijazie.