Kiswahili cha Kuamuru na Kiswahili cha Kuomba

Wapo walimu wenzetu, tena wenye vyeti na heshima zao, ambao wakiambiwa kwamba Kiswahili kinasemwa katika mabaa ya Kampala hukunja uso kana kwamba wamepashwa habari ya aibu ya jamaa yao. Husema kwamba hicho si Kiswahili. Kwamba lugha ya baa ni lugha ya walevi, na mwalimu anayejiheshimu hana haja nayo. Makala haya yameandikwa kupinga rai hiyo. Nadai kwamba katika Uganda yetu baa ndogo ya mtaani imekitendea Kiswahili wema ambao madarasa yetu mengi bado hayajakitendea: imekifundisha kuomba.

Ili dai hili lieleweke, hapana budi tuikumbuke njia ambayo Kiswahili kimepitia hapa kwetu. Kilifika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, lakini kambi za askari ndizo zilizokikuza. Jeshi la King's African Rifles lilikitumia kutolea amri, na majeshi yaliyofuata baada ya uhuru wa mwaka 1962 yakairithi desturi hiyo. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipotaka kukipa nafasi kubwa zaidi shuleni na katika utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga, kwa kuwa aliona hatari kwa Luganda na kwa watu wake. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Alikitangaza kwa amri, kama alivyotangaza mambo mengine mengi.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Katika utawala wa pili wa Obote, mkazi wa Kampala na viunga vyake ambaye hakujua neno jingine lolote la Kiswahili aliyajua haya mawili: "Panda gari." Ndilo jina ambalo wananchi waliipa misako ya askari. Mtaa ulizingirwa, watu wakapakiwa katika malori, na wengine hawakuonekana tena. Ndugu walimu, nawaomba myatazame maneno hayo kwa jicho la sarufi. Umati mzima unaamriwa, lakini kitenzi kiko katika umoja. Kanuni tunayoifundisha yadai "Pandeni." Hata kiambishi "-ni", chenye herufi mbili tu, askari hakuona sababu ya kuwapa watu aliokuwa akiwachukua. Aliyesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza namna hiyo, twamlaumuje akikichukia?

Sasa tuje Kabalagala. Mtaa huu uko katika Tarafa ya Makindye, kando ya barabara iendayo Ggaba, na jina lake ni lile lile la mkate mdogo wa kukaanga utengenezwao kwa ndizi mbivu na unga wa muhogo. Mchana ni mtaa wa maduka na bodaboda. Usiku ni taa na muziki. Hapo wamekusanyika watu wa kila upande: Waganda, Wakongo wa Kivu, Wanyarwanda, Wahabeshi wenye mikahawa yao, na wanafunzi wa Kenya na Tanzania waliokuja kusoma katika chuo kikuu kilichopo Kansanga jirani. Kwa neno moja, ni Afrika Mashariki iliyoketi meza moja.

Ijumaa moja jioni niliingia katika baa ya hapo. Si baa ya kampuni wala ya hoteli. Ni chumba kimoja chenye viti visivyozidi ishirini, na mwenyewe husimama nyuma ya kaunta akichanganya vinywaji kwa mkono wake. Huchanganya waragi na maji ya pasheni, tangawizi iliyotwangwa, ndimu na barafu, na kila kitu hukipima kwa kikombe kidogo cha bati. Mimi niliagiza tangawizi na ndimu bila waragi, wala hakuna aliyenicheka. Nikaketi pembeni, nikatega sikio.

Mfanyabiashara wa Bukavu aliuliza, "Dada, muko na maji ya baridi?" Mhudumu akajibu, "Iko. Unataka kubwa ama ndogo?" Kijana wa Nairobi akasema, "Niongezee barafu, tafadhali." Dereva wa lori kutoka Mwanza akasema, "Samahani dada, naomba bili." Nilikaa hapo muda wa saa mbili. "Naomba," "tafadhali," "samahani," "karibu," "asante," "pole kwa kungoja": maneno haya niliyasikia mara nyingi hata nikaacha kuyahesabu. Amri tupu sikuisikia ila mara moja, kutoka kwa mlevi aliyepiga meza na kusema "Lete!" Wenziwe wa meza ile ile ndio waliomnyamazisha.

Nilimwuliza mhudumu alikojifunzia Kiswahili. Akaniambia kwao ni Luweero, na shuleni hakukisoma kamwe. Amekipata hapo hapo, kwa wateja. Akaongeza, "Jjajja hataki nikiongee nyumbani. Akikisikia anaingia ndani." Wanaoijua vita ya mwaka 1981 hadi 1986 hawahitaji kuelezwa kwa nini bibi wa Luweero aingie ndani asikiapo Kiswahili. Lakini lugha ile ile iliyomfukuza bibi uani ndiyo inayompatia mjukuu riziki, naye huitumia kuwakaribisha wageni. Ni jambo kubwa hili. Hakuna waraka wala tangazo la serikali lililolifanya.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza watasema: "Iko" si sanifu, na "muko" si sanifu. Kweli, si sanifu, nami darasani nitaendelea kuyasahihisha. Lakini tujiulize lipi ni kosa zito zaidi. "Iko. Unataka kubwa ama ndogo?" yana dosari ya upatanisho, na adabu imo. "Panda gari" kila neno lake ni sahihi katika kamusi, na utu haumo. Mwalimu ambaye kalamu yake nyekundu huliona kosa la kwanza peke yake amejifunza nusu ya kazi yake.

Wa pili watasema: baa si mahali pa mwalimu, na pombe huvunja nyumba za watu. Pombe huvunja nyumba, sikatai. Wala sisemi mwanafunzi apelekwe baa, la hasha! Nasema kwamba mwalimu wa lugha asiyejua lugha yake huzungumzwa wapi, na nani, na kwa haja gani, ni sawa na mkulima asiyelijua shamba lake. Penye wengi pana mengi, na mengi hayo yatufaa.

Wa tatu ndio wengi, nao ndio wanaonitia hofu zaidi. Hao husema: tusihangaike, serikali imekwisha kulimaliza jambo hili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima, lenye mtihani, katika shule za msingi na za sekondari. Ni hatua njema, nami naiunga mkono. Lakini "lazima" nayo ni amri. Tukimfungia mtoto wa Luweero darasani, tukamwambia akariri ngeli kwa sababu ya mtihani, na fimbo iko mezani, tutakuwa tumembadilishia askari sare tu. Ataishinda karatasi, ataichukia lugha, na bibi yake ataona alikuwa na haki.

Basi tufanyeje? Tuanze na somo la kwanza kabisa. Vitabu vingi huanza na "Simama," "Keti," "Njoo," "Fungua mlango." Twaona ni rahisi, kwa kuwa kitenzi hakina viambishi. Tusisahau kwamba katika nchi hii hiyo ndiyo sarufi ya kambi. Tuanze na "Naomba." Mtoto aombe kalamu kwa mwenzake, aombe maji, aombe njia, aombe radhi, naye aliyeombwa ajifunze kujibu "Karibu," na ajifunze pia kukataa kwa upole. Tumfundishe "Niletee, tafadhali" kabla ya "Lete." Tufikapo katika hali ya kuamuru, tuifundishe pamoja na ile "-ni" ya wengi, na tuseme wazi kwa nini: watu wengi si mtu mmoja, na kila mmoja wao ana haki ya kuhesabiwa. Duka, soko, stendi ya mabasi na mkahawa viingie darasani kwa njia ya michezo ya kuigiza, kwa sababu huko ndiko Mganda na Mkongo wanakohitajiana.

Nawauliza wenzangu wa chama chetu swali moja, nami ningependa kulisoma jibu lao katika kurasa hizi: tangu mwaka huu wa masomo uanze, wanafunzi wako wamekisikia Kiswahili kikiamuru mara ngapi, na kikiomba mara ngapi? Mwenye kuhesabu na ahesabu kwa haki, akianza na kinywa chake mwenyewe.