Kabla ya kununua dawa, tuitane shambani

Vijana, kundi letu la WhatsApp usiku linachangamka kweli. Mtu anatuma picha ya mahindi, dakika mbili ana majina manne ya dawa. Msimu uliopita mmoja wenu alipata ushauri hivyo, akapuliza saa saba mchana, jua kali. Nilipofika kwake, viwavijeshi vamizi walikuwa wamejichimbia ndani kabisa ya kiini cha mahindi, juu wamejiziba na kinyesi chao kama unga wa mbao. Hela imekwenda, wadudu wapo. Na mimi ile picha niliiona, nikanyamaza.

Naona kundi tulitumie zaidi kuitana. Andika mapema: shamba liko wapi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunakagua nini. Anayekuja ajiandikishe, na aje kweli, maana mwenye shamba anaandaa chai. Tunapita kwa umbo la herufi W, tunasimama mara 5, kila tuliposimama tunakagua mimea 10. Tukishajua ni mingapi kati ya 50 imeshambuliwa, ndiyo tuongelee dawa.

Si jambo geni. Shamba darasa lilianzia Indonesia mwaka 1989, wakulima wa mpunga wakikutana kila wiki kukagua wenyewe.

Mnaotoka kwenye nyanya zenye mnyauko, osheni buti kwanza, msituletee udongo wenye ugonjwa.

Jumamosi hii nipo. Nani anatoa shamba?