Kabla ya kununua plagi, muulize fundi amepima nini

Kuna sentensi moja inayomaliza pesa za vijana wenye magari ya zamani hapa Kesses karibu kama beti: "Buda, hii ni plagi tu, toa pesa nikakuchukulie." Wiki mbili baadaye unaambiwa ni koili. Mwezi ukiisha ni injekta. Kufikia hapo umeshanunua spea ambazo zingelipa kodi ya nyumba, na gari bado linatetemeka.

Dalili yenyewe unaijua. Umesimama pale Cheptiret ukingoja abiria, gia iko fri, na gari linatikisika kama mtu mwenye homa ya malaria. Usukani unacheza mkononi, kioo cha kati kinatetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka wenyewe. Ukikanyaga mafuta, kila kitu kinatulia. Kwa hivyo unajiambia si mbaya sana, unaendelea na kazi.

Na hapa wengi wetu gari ni kazi kweli. Probox au Fielder la zamani ndilo linalobeba maziwa asubuhi, mizigo ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi wakati wa kufungua na kufunga, na abiria wa kwenda Eldoret. Sheria ya Kenya hairuhusu kuleta gari kuukuu lililozidi miaka minane, lakini likishaingia hakuna anayehesabu tena. Gari lililoingia na miaka saba, likakaa hapa kumi na mbili, sasa lina miaka kumi na tisa. Mipira yake ya hewa imekauka. Hilo si ajabu, na wala si sababu ya kubadilisha nusu ya injini.

Maoni yangu ni kwamba kosa si la mafundi peke yao. Sisi wateja tumewafundisha hivyo. Fundi akikaa saa nzima akisikiliza, akichomoa na kurudisha, halafu akuambie ni mpira wa hewa uliopasuka wa bei ya soda mbili, utamlipa ngapi? Wengi wetu tutamrushia mia mbili na kusema "si umefungua tu boneti". Lakini akibadilisha plagi nne tunalipa bila maneno, kwa sababu tumeona kitu kipya kikiingia. Tunalipia vyuma, hatulipii akili. Sasa kwa nini apime?

Ile tabia ya gari kutulia ukikanyaga mafuta ni ushahidi tayari, na ni wa bure. Injini ikiwa imesimama bila kukanyagwa, kwa magari mengi madogo ya Japani inazunguka kama mara 650 hadi 750 kwa dakika, na hewa inayovuta ni kidogo sana. Ufa mdogo kwenye mpira wa hewa ukiingiza hewa ambayo injini haikuihesabu, hiyo ni sehemu kubwa ya pumzi yake yote. Ukikanyaga, injini inavuta hewa nyingi, na ule ufa unakuwa kama si kitu. Plagi au koili iliyochoka, kwa kawaida, hufanya kinyume: inakuaibisha zaidi ukiwa na mzigo, unapopandisha kuelekea Timboroa. Kwa hivyo gari linalotetemeka stejini lakini linapanda mlima vizuri, mshukiwa wa kwanza si plagi. Ni hewa inayovuja, au throto iliyojaa masizi, au hata mauntingi ya injini iliyokufa, ambapo injini yenyewe haina shida, ni vile tu hakuna kinachozuia mtikisiko usifike kwenye kiti chako.

Uvujaji wa hewa unatafutwa kwa masikio. Chukua kipande cha mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni, nyingine ipitishe polepole kando ya mipira na gasketi ya manifoldi huku injini ikiwaka. Mahali panapovuja patalia kama nyoka. Wengine hunyunyizia maji kidogo kwa chupa na kusikiliza kama mlio utabadilika. Kuna wanaonyunyizia petroli. Ekzosi ikiwa moto namna ile, mimi singesimama karibu. Na popote utakapoweka mkono, kaa mbali na feni na mikanda.

Kama mshukiwa ni silinda, kuna kipimo cha miaka mingi ambacho hakihitaji kifaa. Injini ikiwa inawaka, fundi anachomoa soketi ya injekta moja, anasikiliza, anarudisha, anaenda ya pili. Silinda nzima ikizimwa, injini inalegea na kutikisika zaidi. Ukizima moja na hakuna kilichobadilika, hiyo ndiyo ilikuwa imelala tangu mwanzo. Dakika tano, na umeondoa silinda tatu kwenye orodha. Kwa yale ya zamani zaidi, yenye distribyuta na waya za plagi, usichomoe waya kwa mkono mtupu. Ile stima itakukumbusha mama yako.

Halafu kuna skana. Siku hizi vijana wengi wana kile kifaa kidogo cha kuunganisha na simu, na nafurahi, lakini tukisome vizuri. Kikikupa P0302 kinasema silinda ya pili haiwaki sawasawa. Hakijasema ni koili, hakijasema ni plagi, hakijasema ni injekta. Mtu anaona namba hiyo anakimbia kununua koili. Ngoja. Kama kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya pili uiweke ya tatu, ya tatu uiweke ya pili, futa ile namba, endesha kidogo. Ikirudi P0303, koili ndiyo mgonjwa, kanunue kwa amani. Ikibaki P0302, koili yako ni nzima, na umeokoa pesa zako kwa spana moja.

Jambo linaloniudhi zaidi ya yote ni hukumu ya "injini imekwisha". Sisi tunaishi juu. Kesses na Eldoret ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku iko chini ya ile ya Mombasa kwa zaidi ya moja kwa tano. Mitungi ya injini hujazwa na hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hivyo kipimo cha kompresheni kitasoma chini hata kama injini ni nzima kabisa. Kitabu kikisema 180, huku unaweza kupata 140 na usiwe na tatizo lolote. Fundi asiyejua hilo, au anayejua lakini ana injini ya mtumba ya kuuza, atakuonyesha saa ya kipimo, atakuonyesha kitabu, na utaamini. Swali la kumuuliza ni moja: silinda zote nne zinasoma karibu sawa? Zikiwa 140, 138, 142, 139, nenda nyumbani na injini yako. Zikiwa 140, 140, 85, 140, hapo kuna kazi, na hata hapo huenda ni valvu, si injini nzima.

Ndivyo ilivyo pia na kipimo cha vakyumu. Video nyingi tunazotazama YouTube zinataja namba za watu walio karibu na bahari. Huku kwetu mshale utasoma inchi sita au saba chini ya namba hizo. Usianze kulia.

Wenye pikapu za kabureta mko na kesi yenu. Injini ya injekta yenye sensa nzima hujipunguzia petroli ikiona hewa imekuwa nyepesi. Kabureta haioni chochote. Ikiletwa hapa kutoka Pwani na mpangilio uleule, inakunywa petroli kupita kiasi, plagi zinatoka nyeusi, na injini inakohoa ikisimama. Ukibadilisha plagi, zitakuwa nyeusi tena baada ya muda mfupi. Hapo anayetakiwa ni mzee anayejua kupanga kabureta kwa sikio, na wazee hao wanapungua, kwa hivyo ukimpata mmoja mheshimu.

Petroli yenyewe pia ina mambo. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, moja ya sababu ikiwa kuwazima waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Kama mtetemeko ulianza siku uliyojaza kwenye pampu usiyoizoea, sema hivyo kabla boneti haijafunguliwa. Fundi hawezi kubahatisha ulichomficha.

Msiseme basi tuendeshe tu hivyohivyo, linatembea. Silinda isiyowaka inatupa petroli mbichi kwenye ekzosi, na petroli hiyo inaenda kuungua ndani ya kile kifaa chenye masega kinachosafisha moshi. Kinapata joto kali mpaka kinayeyuka na kuziba. Ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, madini ya bei, na ndiyo maana wengine wako tayari sana kukusaidia kukiondoa.

Ninachopendekeza ni tuanze kulipia upimaji kama kazi kamili. Ukifika gereji, kabla ya kutaja spea yoyote, sema: "Fundi, nitakulipa kupima, hata kama hakuna cha kubadilisha. Ni ngapi?" Mkubaliane. Akimaliza akuonyeshe alichopima na alichopata, na vile vya zamani vilivyotoka uvibebe. Atakayekataa mpango huo amekuambia tayari jinsi anavyopata riziki yake. Na ninyi mnaosomea uhandisi pale Chuo Kikuu cha Moi, wengi mna skana na simu, na mnajua presha ya hewa ni nini kuliko mimi. Wapo watu hapa wangelipa pesa nzuri Jumamosi moja kusomewa gari lao na mtu asiyeuza plagi.