Keja Imejaa, Akiba Hakuna

Mwaka jana mwezi wa tatu, saa tatu usiku, mathe alinipigia simu kutoka Kitale. Ndugu yangu mdogo alikuwa amelazwa, na kulikuwa na vipimo vya asubuhi vya 6,000. Hakuniuliza kama ninazo. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ndiye uko Nairobi."

Kwa M-Pesa nilikuwa na bob 340. Nikabaki nimesimama katikati ya bedsita yangu hapa Zimmerman nikiangalia mali yangu: viatu pea kumi na nne, hotpoti tatu, blenda ambayo nilikuwa nimeitumia mara mbili, na seti mbili za pazia. Dirisha ni moja. Moja! Nikajiuliza, kwani pesa zangu zote huwa zinaenda wapi? Halafu nikaona hazijaenda mahali. Ziko hapa hapa, zimening'inia ukutani na zingine ziko chini ya kitanda.

Usiku huo nilikopa kwa simu. Mwezi uliofuata nikalipa na riba juu, na kwa sababu nilikuwa nimelipa, nikakosa ya kula, nikakopa tena. Kama umewahi kuishi hivyo, sina haja ya kukueleza.

Sasa wacha niseme kitu ambacho najua hakitafurahisha kila mtu. Kupunguza vitu kwa nyumba hakukupi akiba. Zile video za mtu akipanga kabati, mara anatoa magunia matatu ya nguo, mara chumba kinang'aa kama hoteli, ni tamu kutazama. Hata mimi nimezitengeneza. Lakini ukimaliza kutoa hayo magunia, akaunti yako bado ni ile ile.

Nasema hivi kwa sababu nilijaribu. Wiki moja baada ya ile simu, nilipiga vitu picha nikaviweka kwa WhatsApp niuze. Blenda niliyonunua 3,500 ilienda kwa 1,200. Hotpoti mbili za 3,000 zikaenda kwa 1,100. Viatu pea nane, vya kamera kabisa, ambavyo vilinigharimu kama 8,400 kwa jumla, vikaenda kwa 2,400, na bado mnunuzi alitaka nimtolee nauli. Pazia za 2,600 zikaniletea 900. Piga hesabu: nilitumia 17,500, nikarudisha 5,600. Bob 11,900 zimepotea, karibu mara mbili ya pesa ambazo mathe aliniomba usiku ule.

Na si hapo tu. Ile 5,600 ililipa deni ikaisha. Wiki mbili baadaye nikajikuta Gikomba saa kumi na mbili asubuhi, nangoja marobota yafunguliwe. Kwa nini? Kwa sababu kabati sasa lilikuwa na nafasi. Nafasi tupu bila akiba ni mwaliko tu wa kununua tena.

Hapo ndipo niliposhika jambo hili: kazi ya kupunguza vitu ni kukuonyesha risiti. Unaona kwa macho yako tabia yako imekula pesa ngapi. Ukishaona, unaweza kuzuia inayofuata. Akiba yenyewe inajengwa mahali pengine, na inajengwa kwanza, kabla hujaanza kutumia.

Halafu kuna hili la kuiga. Marie Kondo, yule mama wa Japani ambaye kipindi chake kilitoka Netflix mwaka wa 2019, anasema ushike kila kitu ujiulize kama kinakupa furaha. Sawa, kwake inafanya kazi. Lakini mimi niko na mitungi mitatu ya lita ishirini nyuma ya mlango. Hainipi furaha yoyote. Nikiigonga na kidole cha mguu usiku inanipa machozi. Ila hapa kwetu maji huja kwa zamu, na siku mfereji umekauka, mitungi hiyo ndiyo inaniokoa nisinunue maji kwa mkokoteni.

Nenda pia nyumbani kwa mathe wako. Utapata mikebe ya mafuta ya kupikia imewekwa maharagwe, mkebe wa biskuti una sindano na uzi, na kuna godoro la ziada limesimamishwa ukutani likingoja mgeni. Sisi vijana tunacheka, tunasema mathe hutunza takataka. Lakini ule mkebe umefanya kazi miaka kumi. Mathe hajawahi kununua chombo cha kuwekea maharagwe kwa sababu video ilimwambia rangi zifanane jikoni. Kati ya yeye na mimi mwenye hotpoti tatu, nani ana takataka?

Kwa hivyo mimi sijiulizi kuhusu furaha. Najiuliza maswali mawili. La kwanza: tangu mwaka uanze, hiki kitu kimefanya kazi gani? La pili: kikiibiwa leo, kesho nitatoka nikanunue kingine? Mitungi inajibu haya maswali haraka sana. Pea ya tisa ya viatu inaanza kunung'unika.

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Wewe, shida yetu si viatu. Shida ni mshahara." Nakubali. Huwezi kubana pesa ambazo hazipo, na sitamwambia mtu anayelipwa kwa siku, mwenye watoto wawili, eti aache chai ndio awe tajiri. Hayo ni matusi.

Lakini angalia jinsi kukosa akiba kunavyomfanya mtu mwenye pesa kidogo alipe zaidi. Mimi nilikuwa nanunua sukari robo kilo kwa 50. Mara nne hiyo ni 200. Kilo nzima kwa duka la jumla ilikuwa 160. Nilikuwa nalipa 40 zaidi kwa kila kilo kwa sababu tu sikuwa na 160 kwa mkupuo mmoja. Ni vivyo hivyo kwa unga, kwa mafuta ya kupima, kwa sabuni ya vipande, kwa bando za siku moja, hata kwa makaa ya mkebe wakati mtungi wa gesi umeisha na hakuna pesa ya kujaza. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Kule kununua kidogo kidogo ndiyo hiyo bandu bandu, na gogo ni mshahara wako.

Ndiyo maana akiba yangu ya kwanza haikuwa ya kununua ploti Joska. Ilikuwa ya kuniwezesha kununua sukari kilo mbili, unga wa wiki mbili, na gesi kabla haijaisha. Pesa iliyobaki kwa kununua hivyo ndiyo ikawa mbegu.

Nilifanya hivi. Nilianza na bob 50 kwa siku. Sikungoja jioni nione imebaki ngapi, maana jioni haibaki kitu. Nilikuwa naitoa asubuhi kabla sijatoka kwa mlango. Bob 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi wa siku thelathini, na kwa mwaka ni 18,250. Si utajiri. Lakini ni ile 6,000 mara tatu.

Pili, niliiweka mbali na mkono wangu. Pesa ikikaa kwenye M-Pesa ile ile ninayolipia matatu, ni yangu kwa jina tu. Wengine hufunga akiba kwa simu hadi tarehe fulani. Wengine wako kwa chama, na chama ni kizuri kwa sababu watu kumi na wawili wanaokujua watakuuliza mbona hujatuma. Mimi niliingia Sacco, kwa sababu nyingi hukukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na riba yake huwa ya kiungwana kuliko hii mikopo ya usiku. Ukienda huko, kwanza hakikisha iko kwenye orodha ya SASRA ya Sacco zenye leseni. Na ukipenda benki, jua kwamba hapa Kenya amana zako zimekingwa na KDIC hadi 500,000 kwa kila benki. Mtu akikuahidi kuzidisha pesa zako mara mbili kwa mwezi, huyo hana akiba ya kukupa. Anatafuta yako.

Tatu, nilijiwekea sheria ya siku saba. Nikiona kitu nakitaka, nakiandika kwa simu na bei yake. Siku saba zikiisha na bado nakitaka, na kina kazi, nanunua. Orodha yangu sasa ina vitu ishirini na sita. Nimenunua vinne. Vingine nikivisoma leo hata sikumbuki nilikuwa nataka vya nini.

Sijakuwa mtakatifu. Mwezi wa nane nilivunja, nikanunua jaketi ya ngozi, na sijuti sana. Maisha bila kitu kizuri hata kimoja ni adhabu, na kubana pesa hadi unakuwa mchungu kwa marafiki si hekima. Lakini jaketi niliinunua na pesa yangu, na kodi ilikuwa imelipwa.

Mwezi wa kumi na moja mathe alipiga tena. Safari hii ilikuwa paa la jikoni, upepo umeng'oa mabati, fundi anataka 4,500. Nikamtumia kabla hatujamaliza kuongea. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa ile sauti ya wasiwasi, "Umekopa wapi?"

"Sijakopa, Mama. Ni zangu."

Akasema "haya", akaniuliza kama nimekula.

Leo usiku, kabla ulale, fungua kabati lako. Usitupe kitu. Chukua tu karatasi, uandike vitu vitano ambavyo havijafanya kazi mwaka huu na bei uliyonunulia, kisha ujumlishe. Halafu kesho asubuhi, kabla utoke, weka 50.