Maswali ya Msomi Yana Mwenyewe

Chuo chetu kikubwa hapa Njoro kimebeba jina la mfadhili tangu siku ya kwanza. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton, mlowezi wa Kiingereza, alitoa ekari 740 ili ijengwe shule ya kilimo. (Ekari hizo zilikuwa za nani kabla ya kuwa zake, hiyo ni makala ya siku nyingine.) Shule ilikuwa ya vijana Wazungu, wajifunze kuendesha mashamba ya Wazungu. Mwafrika alisubiri miaka mingi kabla ya kukaa kwenye madawati yale. Kwa hiyo anayeniambia kwamba pesa za watu binafsi vyuoni ni jambo geni, namwonyesha lango la Egerton.

Mfadhili wa leo haishi kwenye kasri la Ngata kama Egerton. Yuko Toronto au Seattle, na hamzuii mtu yeyote mlangoni. Tena nisije nikaambiwa fadhila za punda ni mateke: tangu 2016 wakfu wa Mastercard, kupitia muungano wa vyuo uitwao RUFORUM, umesomesha Egerton vijana ambao wazazi wao wasingemudu karo, na Chuo cha Kilimo cha Baraka kule Molo kikaingizwa kwenye mradi huo. Kwenye kituo cha utafiti cha Njoro, mbegu za ngano kutoka pembe zote za dunia zimejaribiwa dhidi ya kutu ya shina, kwa mradi wa Chuo Kikuu cha Cornell ulioanza 2008 kwa fedha za Gates. Mkulima wa ngano wa Mau Narok hawezi kuubeza mradi ule.

Mimi ni afisa wa kilimo mstaafu na nalima viazi juu ya Molo. Mwaka jana alinijia kijana wa chuo kimoja cha eneo hili, ana adabu, kabeba tableti, utafiti wake umelipiwa na kampuni ya pembejeo. Akaniuliza kama natumia mbegu iliyoidhinishwa, na kama situmii, kwa nini. Ningelipa bei gani? Napulizia dawa ya ukungu mara ngapi kwa msimu? Nilijibu yote. Kisha nikamwambia kinachotuumiza huku: dalali anafika shambani na gunia la lumbesa, ilhali kanuni za 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Nilitaka aandike kwamba ningenunua mbegu bora msimu huu huu kama ningeuza kwa mizani. Akanigeuzia tableti nione. Majibu yalikuwa yamepangwa: bei ghali, haipatikani karibu, sijasikia habari zake, siiamini. Bila kuchagua moja, ukurasa haufunguki.

“Mzee, hilo la gunia halina mahali pa kujaza,” akasema.

Tukachagua “bei ghali.”

Hakuna aliyehongwa hapo, wala mhadhiri wake hakuamriwa aseme uongo. Lakini kwenye ripoti mimi ni mkulima aliyeshindwa na bei ya mbegu, na dalali hayumo. Ripoti itakuwa tasnifu, tasnifu itageuka maandishi ya kufundishia, na miaka mitano baadaye kijana mwingine atatahiniwa kuhusu ukaidi wa wakulima wa Molo.

Yapo maswali mengine yasiyo na mnunuzi. Kule Gilgil kuna watu ambao kwa miaka wamekusanya mbegu za kienyeji na kuzigawa, huku sheria wakati huo ikitishia faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili kwa kugawana mbegu zisizosajiliwa. Waliokwenda kortini kuipinga mwaka 2022 walikuwa wakulima wadogo 15, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikawapa haki. Kampuni gani ingelipia tasnifu ya kuwatetea?

Serikali nayo ina lawama kubwa kuliko mfadhili. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wiki saba wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Mkono mtupu haulambwi, na mhadhiri asiye na mafuta ya gari la kufika shambani ataandika pendekezo linalompendeza mwenye mafuta. Halafu mwenye mafuta naye huondoka. Tegemeo, taasisi ya Egerton ya sera za kilimo, kwa miaka mingi ilifanya tafiti za kaya za vijijini kwa fedha za USAID, na Julai 2025 shirika hilo likafungwa kwa uamuzi uliofanywa Washington.

Sisemi pesa zirudishwe. Nataka kila utafiti unaofanywa katika kaunti hii uwe na ukurasa mmoja wa wazi unaoonyesha nani katoa, katoa kiasi gani, na nani alitunga maswali. Mwanafunzi ausome kabla ya kuanza kumhoji mtu, na nakala ibaki kwa chifu. Sehemu ya kumi ya kila ruzuku pia itengwe kwa maswali ambayo wahadhiri wamekaa chini na wakulima wakayatunga, mfadhili apende asipende. Seneti za vyuo zina mamlaka ya kupitisha haya bila kusubiri Nairobi. Na kwenye tableti, jamani, waweke angalau nafasi ya “sababu nyingine.”