Programu ya mradi ikizeeka, nani atalipa?

Miradi mingi inayofika kwetu mashariki inakuja na programu: ya kuandikisha wagonjwa, ya kuhesabu wanafunzi, ya kugawa misaada. Siku ya ufunguzi watu wanapiga makofi. Lakini swali moja haliulizwe sana: kisha miaka tano, nani ataitunza?

Programu haifanye kazi peke yake. Inaomba msaada kwa programu zingine kupitia milango ambayo mafundi wanaita API. Aplikasiyo ikitaka kuonyesha karata ya mji, inapiga hodi kwa kampuni yenye karata. Mwenye mlango akiufunga na kufungua mwingine, kila programu iliyopitia pale inapaswa kuandikwa upya sehemu ile. Isipoandikwa, inasimama. Ao inaendelea bila ulinzi, na wezi wa intaneti wanapata tundu la kuingilia.

Tuangalie Afrika ya Kusini. Mwezi wa saba 2017, kampuni Adobe ilitangaza kwamba itaacha kutunza Flash mwisho wa 2020. Ni zaidi ya miaka tatu ya kujitayarisha. Ofisi ya kodi ya inchi ile, SARS, ilianza kuhamisha fomu zake. Lakini tarehe 12 mwezi wa kwanza 2021, wakati Adobe ilifunga Flash kabisa, fomu zingine zilikuwa hazijahamishwa. SARS ikatoa brauza yake yenyewe, ya Windows tu, ili watu waendelee kufungua fomu za zamani. Kilikuwa kiraka juu ya kitambaa kilichooza.

Si habari iliyokosekana. Shida ni kwamba kazi ya kuhamisha haionekane: ukimaliza, fomu ni ile ile. Ni vigumu kuombea feza kitu ambacho hakina picha ya kuonyesha. Kama ofisi yenye mafundi na bajeti ilichelewa hivyo, itakuwaje kwa ofisi ya eneo la afya ambako fundi alienda pamoja na mradi?

Kwetu ripoti za vituo vya afya zinaingia ndani ya SNIS, inayotumia programu DHIS2. Chuo Kikuu cha Oslo, kinachoitengeneza, kinatunza matoleo matatu ya mwisho tu. Kwa hiyo kila aplikasiyo iliyojengwa juu yake inapaswa kufuata mwendo. Isipofuata, hesabu ya wagonjwa wa kipindupindu inaweza kubakia kwenye karatasi wakati ugonjwa unatembea.

Basi viongozi wetu waulize mbele ya kutia sahihi: Maandishi ya programu yatabakia kwa nani? Feza ya matunzo ya kila mwaka iko ndani ya mkataba? Fundi gani wa hapa atafundishwa? Na habari zetu zitaweza kutoka na kuingia ndani ya programu ingine?

Mradi usiojibu haya unatuachia deni, hata kama umeitwa zawadi.